Namba C au Namba D

Jumatatu, 4 Novemba

Sindano imevunjika mara mbili leo. Sare za kwaya zimebaki kumi na moja na wenyewe wanazitaka kabla ya Jumapili. Wangoje. Saa nane nimefunga duka, nikachukua bodaboda, fundi Bakari akapanda nyingine, tukaenda Misunkumilo, hapa hapa Mpanda, kuangalia gari.

Ziko mbili. Aina moja, za spoti, milango miwili, zimekaa chini kama zimechuchumaa. Zote nyeupe. Kwenye kibao cha usajili moja ina namba C, nyingine ina namba D. Muuzaji anaitwa Mrisho, ametoka nazo Tabora. Mrefu mno, na anaongea kama redio. Amezipaki uani kwa mwenyeji wake, zimetazamana pua kwa pua. Bei ni ile ile. Nichague.

Bakari amezizunguka akigonga gonga mabati. Gereji yake iko Nsemulwa, na ndiye fundi wangu tangu nina pikipiki. Haongei ovyo. Ndiyo sababu namwamini.

Mjini wameshaanza maneno. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, muuza vitenge, anataka gari ya vijana. Waseme wachoke. Kulwa, pacha wangu, alikuwa nayo kama hizi, rangi ya damu ya mzee. Tulipokuwa wadogo tuliapa kila mmoja atakuwa na yake, tukimbizane mpaka Sitalike. Yeye alitimiza. Mimi nilikuwa bado nashona vifungo vya watu. Kisha akasafiri.

Naandika "akasafiri" kwa sababu bibi yetu alitukataza lile neno jingine. Alikuwa Mnyamwezi, na nyumbani kwake pacha mmoja akiondoka ilisemwa amesafiri, ili yule aliyebaki asiitwe. Miaka tisa sijalitamka wala kuliandika. Kulwa alisafiri mwezi wa tatu, mto umejaa, kwenye drifti ya njia ya Majimoto, pale barabara inapokatiza mtoni juu ya saruji. Hakufunga mkanda. Baba mdogo ndiye aliyefika pale wa kwanza, na ndivyo alivyotuambia. Nilikuwa namwambia Kulwa kila siku, funga mkanda. Hakunisikiliza. Bado nimemkasirikia.

Jumatano, 6 Novemba

Kila anayeingia dukani ana ushauri. Wote wanasema D. "Namba D ni mpya, Mama Kitenge, hata kesho utaiuza." Huku kwetu mtu haulizi gari ilitengenezwa lini, anasoma herufi. C ikisimama karibu na D, C ni kikongwe, basi. Na mimi nasoma hivyo hivyo, sijifanyi mjanja.

Saa tano Mrisho mwenyewe amekuja kunishawishi. Ananiita Mama Kitenge kama wote. Akasema, "Mama, zile gari ni Kulwa na Doto. C ndiye Kulwa, katangulia. D ndiye Doto."

Mkasi ulinitoka mkononi. Pumzi ikanitoka kwa sauti, akadhani nimecheka.

Jina langu la Doto lipo ukutani, kwenye leseni ya biashara, lakini limezibwa na sanamu ya kuvalishia magauni. Hakuliona. Ni maneno ya kawaida, vitu vyovyote vikiwa viwili watu husema hivyo. Sijapenda hata hivyo.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Ile D ina taa za mviringo. C ina taa ndefu. Mshono wa kizamani naujua hata ukiwa kwenye kitambaa kipya, na zile taa za mviringo ni mshono wa kizamani. Ya Kulwa ilikuwa na taa ndefu. Nikimuuliza Mrisho anasema ni toleo maalumu. Kila muuzaji ana toleo maalumu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda peke yangu. Mrisho alinipa funguo, akaenda kuswali adhuhuri.

Nimekaa kwenye D. Kiti kilikuwa mbele, kwa kipimo cha mguu wangu. Miguu yangu ilifika kwenye klachi bila kunyooka, kama ninavyopenda. Kioo cha ndani kilinionyesha dirisha la nyuma lote. Sikugusa kitu. Halafu nikawaza: Mrisho ndiye aliyeingiza hii gari uani asubuhi. Magoti ya Mrisho hayaenei hapa.

Mimi na Kulwa tulikuwa kimo kimoja. Hata viatu tulivaliana.

Nilisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Nikageuza kioo kikaangalia dari. Nikashuka, nikaenda kukaa kwenye C. Huko kiti kilikuwa mbali, kioo kimekaa kwa mtu mrefu, kila kitu kama kilivyotakiwa kuwa. Nilikaa dakika tano. Uani hapakuwa na mtu. Kuku tu.

Niliporudi kwenye D kiti kilikuwa mbele. Kioo kilikuwa kimeshuka.

Labda reli ya kiti imelegea. Kioo hakina reli.

Na kuna harufu. Tope la mto. Mvua haijanyesha hata tone, mji mzima ni vumbi, na ndani ya gari pananuka kama mtu amevua viatu vya shambani mwezi wa tatu. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeendesha D. Mrisho alikaa pembeni.

Nilifunga mkanda. Mimi hufunga siku zote, tena kwa hasira. Mjini gari ilikwenda vizuri, gia zinaingia, usukani mwepesi. Watu walisimama kutuangalia. Nilijisikia binti wa miaka ishirini, sikatai.

Tulishika njia ya Sitalike, ndiyo hiyo hiyo ya kwenda Majimoto. Nyumba za mwisho zilipoisha, mkanda ukakaza. Sikukanyaga breki. Barabara haikuwa na shimo. Ulikaza kidogo, halafu kidogo tena, kila tulivyosogea, mpaka nikawa nimebanwa kwenye kiti na pumzi inaingia nusu. Mrisho alikuwa anaelezea rimu.

Niligeuza kurudi mjini. Ukalegea.

Nikageuza tena kwenda Majimoto. Ukakaza. Nikarudi. Ukalegea. Nimefanya hivyo mara tatu. Mrisho alidhani nafurahia gari, akasema, "Unaona inavyokata kona, mama?"

Tulipofika uani kifungio kiligoma. Nilibonyeza kwa vidole viwili, kwa gumba, kwa mikono yote. Mrisho alizunguka, akainama, akabonyeza kwa kidole kimoja. Kikafunguka.

Nyumbani nimevua blauzi. Ina mstari wa maji kutoka begani mpaka kiunoni. Jasho halikai kwa mstari. Nimeinusa. Ni ile harufu.

Jumapili, 10 Novemba

Sare zimetoka asubuhi. Wenye kwaya wameridhika, isipokuwa mmoja aliyenenepa tangu nimpime.

Mchana nimeendesha C, Bakari pembeni. Njia ile ile. Mkanda ulikaa kama mkanda. Kifungio kilifunguka. Gari nzuri, haina neno. Mtu mwenye akili angeichukua pale pale na kufunga hesabu.

Siku nzima nimeifikiria D.

Hili linaniudhi kuliko yote. Najua kabisa kuna kitu kibaya pale, na ndipo miguu inaponipeleka. Naijua hali hii, niliwahi kuolewa.

Nilimweleza Bakari habari ya mkanda. Alisema springi imezeeka. Nilimweleza habari ya maji. Baadaye sana, tumeshafika, akasema Jumanne ziletwe zote mbili gereji, asizinunue mtu kwa kuangalia herufi.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nimefundishwa.

Bakari alitusimamisha, mimi na Mrisho, kati ya gari zote mbili. Akasema herufi ya namba inaeleza gari iliandikishwa lini hapa nchini, basi. Haielezi ilizaliwa lini. Gari inaweza kuzeekea huko ilikotoka, ikaja huku imechelewa, ikapewa namba mpya kama mtoto. Anayetaka ukweli asome mkanda. Kila mkanda una lebo yake ya kitambaa, chini kabisa, karibu na sakafu, na lebo ina mwaka.

Tulianza na C. Mikanda yote: 2001, mwezi wa nane.

Tukaenda D. Abiria: 1997. Ya nyuma: 1997.

Yaani D, yule mtoto wa mjini, ni mkubwa kwa miaka minne. Taa hazikunidanganya. Mji mzima umekosea na mimi nimo. Mrisho alibisha, kisha akapiga magoti kusoma mwenyewe. Akanyamaza. Mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Bakari alibakiza mkanda wa dereva wa D. Alisugua lebo kwa kidole chenye mate. 2001. Mwezi wa nane.

Alisema huu si wake. Umetoka kwenye gari nyingine ya aina hii, iliyoharibika kabisa, spea zake zikatembea. Mrisho aliapa kwamba yeye aliinunua Tabora ikiwa hivyo hivyo, na sura yake ilisema kweli.

Mimi akili yangu ilikuwa imeshakwenda mbali. Siku Kulwa alipoileta gari yake aliniita niione, akaniinamisha mpaka sakafuni, akaniwekea lebo mbele ya macho. "Soma, Doto. Mwezi wa nane. Mwezi wetu." Tulizaliwa mwezi wa nane. Alifurahi kama amepewa zawadi na kiwanda. Sikuwa nimelikumbuka jambo hili hata mara moja, mpaka leo.

Kiwanda hakitengenezi mkanda mmoja kwa mwezi. Najiambia hivyo tangu saa sita.

Jumatano, 13 Novemba

Nimerudi gereji na miwani, sindano na futi yangu ya kupimia. Bakari hakuniuliza. Nimefungua mlango wa D, nikauvuta mkanda wa dereva mpaka ukagoma, nikaupitia kidole kwa kidole kama ninavyokagua kitambaa cha jora.

Begani kuna nyuzi za kijani. Sita. Fupi, zimekatika, zimebaki kwenye matundu.

Kulwa alikuwa analalamika kwamba mkanda unamkwaruza shingo, ndiyo maana hafungi. Nilichukua kitenge cha kijani chenye maua ya njano, nikakijaza sponji ya godoro, nikamshonea mto mdogo wa begani, palepale kwenye mkanda, nimekaa ndani ya gari yake. Nikamwambia sasa huna kisingizio. Nilishona kwa mkono, uzi mara mbili, umepakwa nta, na mwishoni narudi nyuma hatua tatu ndipo nafunga. Bibi ndiye aliyenifundisha hatua tatu. Sijaona fundi mwingine Mpanda anayefunga hivyo.

Matundu yako pale. Yanakwenda, yanakwenda, yanarudi matatu.

Mkono wangu naujua.

Nikashuka mpaka kiunoni. Pale mkanda umekatwa. Umekatwa mshazari, kwa kisu, halafu ukaunganishwa kwa mashine ya viatu, uzi wa nailoni wa kahawia, kazi mbaya. Nimeuangalia huo mkato muda mrefu. Mkanda usiofungwa unaning'inia tu pembeni, hamzuii mtu, nani ahangaike kuukata? Unakatwa uliofungwa. Unakatwa ukiwa na mtu ndani.

Nilikaa sakafuni gereji, kwenye oili. Bakari alizima redio.

Alifunga.

Basi kwa nini baba mdogo alisema hakufunga? Mrisho anataka jibu langu Jumatatu, anarudi Tabora. Asubiri. Kwanza Majimoto.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda na basi la asubuhi. Zile nyuzi sita nilizitoa kwa sindano, nimezifunga kwenye karatasi, karatasi kwenye pochi. Drifti ilikuwa kavu. Ng'ombe wamelala katikati, mchanga mweupe, huwezi kuamini. Niliangalia upande wa pili.

Baba mdogo nilimkuta kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga. Amezeeka, masikio hayasikii vizuri kwa kelele za miaka. Alifurahi kuniona. Sikumsalimia vizuri. Nilimwekea nyuzi kiganjani.

Alizitazama. Akazima mashine. Akakaa juu ya gunia.

"Umezipata wapi?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Ile gari niliiuza kama chuma chakavu ili usiione," alisema. "Nikajua yamekwisha."

"Alifunga mkanda, baba."

"Alifunga."

Kisha alieleza, polepole, macho kwenye pumba. Gari ilikuwa miguu juu. Watu waliivuta kwa kamba na ng'ombe, maji yakiwafika kifuani. Kulwa alikuwa ndani ya mkanda. Ule mto wangu wa begani ulikuwa umevutwa ukaingia kwenye kipete cha juu, pale mkanda unapopita, ukanasa. Mkanda haurudi, haulegei. Kifungio nacho kimebanwa na uzito wake. Baba mdogo aliukata kwa kisu chake cha kuchinjia. Kitambaa cha kijani alikinyofoa akakitupa mtoni.

Nilimuuliza kama ni mkanda uliomzuia asitoke. Nilitaka aniambie.

"Sijui, mwanangu. Kichwa nacho kilikuwa kimegonga. Sijui ni kichwa, sijui ni maji. Ninachojua ni kimoja. Ungesikia habari ya kile kitambaa, ungemfuata. Nyie mlikuwa hivyo. Nikawaambia watu wote hakufunga. Nikaona heri umkasirikie yeye. Yeye haumii tena."

Mashine imezimwa lakini masikio yangu yalikuwa bado yanavuma.

"Kulwa alikufa, Doto," alisema. "Mimi nimechoka kusema amesafiri."

Sikulia. Sikumpiga, ingawa mkono ulitaka. Mama mdogo aliandaa wali na samaki, nikala, tena nikala sana. Nimerudi na basi la saa tisa. Dereva alikuwa na mkanda kifuani na nilishindwa kumtazama.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikufungua duka.

Miaka tisa nimekwenda kaburini Ijumaa kwa Ijumaa na kila mara nilimaliza dua kwa kumgombeza. Ungenisikiliza. Ungenisikiliza, Kulwa.

Alinisikiliza.

Sijui niiweke wapi hiyo. Ingekuwa kitambaa ningejua pa kukata.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemwambia Mrisho nachukua C.

Alishangaa. Alishajua nimeizimikia D. Nimemwambia D ni ya tisini na saba, haihusiki na mimi, ilikuwa imebeba mzigo wa watu tu. C ni ya elfu mbili na moja, mwezi wa nane. Mwaka ule ule, mwezi ule ule na ile ya damu ya mzee. Kama kuna Kulwa na Doto, ni ile na hii. Huyu ndiye Doto. Hatimaye nilimwambia jina langu. Akaomba radhi mara nne.

Sharti langu lilikuwa moja: mkanda wa dereva wa D nipewe. Bakari alikuwa na mwingine wa kuweka badala yake. Mrisho alicheka, akasema mama chukua hata viti.

Bakari alifungua boliti. Alipouchomoa mkanda pamoja na kile kikopo unakojizungushia, kikopo kikamwaga maji. Maji ya kutosha kikombe, yamechanganyika na mchanga mweupe, mwembamba. Yalitandaa kwenye sakafu mpaka kwenye viatu vyangu. Hii gari haijaona mvua tangu ije. Mkanda wenyewe ulishawahi kufumuliwa, kusafirishwa, kushonwa, kufungwa upya Tabora, na miaka tisa imepita.

Bakari aliyatazama. Mrisho aliyatazama. Kisha Bakari alichukua tambara akapangusa, akaendelea na boliti ya pili.

Nimeukunja mkanda nikauweka kwenye kiti cha abiria cha C. Nimeendesha mpaka nyumbani. Njiani sikuwasha redio. Nilihisi kwamba si adabu.

Jumanne, 19 Novemba

D imeshauzwa. Mwalimu mmoja wa hapa mjini ameichukua, kwa sababu ni namba D. Bakari anasema kiti sasa kinakaa pale kinapowekwa, na mkanda mpya hauna shida. Mwalimu anaringa nayo. Nimempongeza.

Wateja wananionea huruma kwa kuchukua kikongwe. Nawaacha.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha jana mchana. Vumbi limelala.

Baada ya mvua nilikwenda mpaka drifti na kurudi, peke yangu. Maji yalikuwa membamba, hayajafika hata kwenye ukingo wa saruji. Mkanda haukukaza popote. Unanikwaruza shingo. Ningeweza kuushonea kitu, kitambaa kipo. Nauacha unikwaruze.

Mkanda wa Kulwa nimeuweka sandukuni, na kipande kilichobaki cha kitenge cha kijani. Umekauka. Hauna harufu.

Kulwa amekufa. Nimeandika. Nimesubiri kidogo, hakuna kilichoniita.

Leo asubuhi nimetoka kwenda dukani. Milango ya gari ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha, funguo ninazo mimi. Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele, kwa kipimo cha mguu wangu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa.

Nilikaa nikautazama. Nikavuta kidogo kuhakikisha. Kifungio kimeingia vizuri. Sikuufungua. Nimefunga na wangu, nikaenda kufungua duka.